Gazi: Msitu Ulioanza Kuwalipa Wenyewe

Ingia nyumba yoyote ya mawe ya zamani Lamu, Mombasa au Unguja, uinue macho darini. Utaona boriti zimepangwa sambamba, nyeusi kwa umri, na zimebeba uzito wa chokaa na mawe kwa vizazi. Ni mikoko. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba kwa sababu fundi alijenga kwa kadiri boriti ilivyomruhusu. Shehena nyingine ilivuka bahari: majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamejaa boriti za kuezekea nyumba za Arabuni na Ghuba, ambako miti mirefu haikupatikana. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Msitu, basi, umekuwa ukileta fedha tangu zamani, ila fedha hizo hazikubaki mahali mikoko ilipokatwa. Ndiyo maana naiona historia ya Gazi, kijiji cha wavuvi kilicho kilomita 55 hivi kusini mwa Mombasa katika Kaunti ya Kwale, kuwa jambo kubwa kuliko ukubwa wa kijiji chenyewe. Waliosoma historia ya pwani wanakijua kwa Sheikh Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na makao yake hapo na kuwapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka kwenda upande wa Wajerumani. Leo kinajulikana kwa mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja.

Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Tangazo hilo liliwaweka watu wa pwani mahali pagumu: waliishi kando ya miti, wakaitumia kila siku, lakini haikuwa yao kisheria, na kibali cha kukata kilitoka ofisini. Katika miaka ya 1970 viwanda vya chokaa na matofali vilihitaji kuni, nazo zikatolewa kwenye ghuba ya Gazi. Sehemu za msitu zilifyekwa hadi tope likabaki wazi. Mkoko ukishaondoka, chumvi hukolea juani, mawimbi husogeza mchanga, na miche haioti tena yenyewe. Kamba, kaa na samaki wachanga hukosa maficho katikati ya mizizi, na mvuvi huyaona hayo wavuni kabla ya mtaalamu kuyaandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti James Kairo wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, alianza majaribio ya kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi yenyewe ni ya mikono mitupu. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti, ikarefuka na kuning'inia hata ikafikia dhiraa moja, kisha ikaanguka. Wapandaji huziokota zilizokomaa, husubiri maji yatoke, huingia topeni na kuzichomeka wima moja moja kwa nafasi iliyopimwa. Kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi, mkoko hufuata, mkandaa na mchu hupenda sehemu za juu zaidi. Ukikosea mpangilio huo, miche mingi hufa. Elimu hiyo ilikuwamo vichwani mwa wakataji boriti na mafundi wa vyombo, ambao wanajua kuwa mlilana ndio wa mataruma, na wanasayansi walifanya vyema kuisikiliza.

Kupanda peke yake hakungetosha. Mtu anayehitaji kuni leo hawezi kuambiwa asubiri faida ya miaka 20 ijayo. Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu wananchi kuunda vyama vya kijamii na kutia saini mkataba na Huduma ya Misitu ili wausimamie msitu pamoja. Kwa njia hiyo chama cha misitu cha Gogoni na Gazi kilipata nafasi mezani. KMFRI ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland, na mwaka 2013 Mikoko Pamoja ikazinduliwa kwa vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani kuhifadhi mikoko kwa kuuza hati za hewa ukaa chini ya usimamizi wa wanajamii wenyewe.

Eneo la mradi ni hekta 117 tu. Miti hufyonza hewa ukaa na kuihifadhi shinani, mizizini na zaidi ya yote ndani ya tope, ambamo inaweza kukaa karne na karne pasipo kuoza. Wanakijiji waliofunzwa huingia kwenye viwanja vilivyowekwa alama, hupima unene wa kila mti kwa utepe usawa wa kifua, na huandika visiki vipya endapo vipo. Hesabu hizo hukaguliwa na shirika la Plan Vivo, ambalo hutoa hati kwa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Asasi ndogo ya hisani iliyosajiliwa Scotland, ACES, huziuza kwa watu na kampuni zinazotaka kufidia uchafuzi wao, kisha fedha hurudi Gazi.

Katika miaka ya mwanzo zilifika kiasi cha dola za Marekani 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Mfadhili mkubwa hutumia kiasi hicho kwa semina moja ya hotelini. Lakini hapa msimamizi ni kamati iliyochaguliwa na wanavijiji, na matumizi hupangwa barazani, mbele ya watu, huku wazee, akina mama na vijana wakitaja mahitaji na kubishana. Waliyoyachagua yanaeleza maisha yao kuliko ripoti yoyote: maji safi karibu na nyumba, vitabu vya shule, ukarabati wa madarasa, vifaa vya zahanati. Maji yalitangulia. Aliyewahi kubeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisima cha mbali, alfajiri, kabla ya kuwaandaa watoto waende shule, haulizi kwa nini.

Naamini hapo ndipo penye siri ya mradi huu kudumu. Mwizi wa boriti anapoingia msituni usiku, haibii serikali ya Nairobi. Anaiba maji ya jirani yake, na jirani ana sababu ya kupiga kelele. Hata hivyo kamati haikutegemea kelele pekee. Watu walipanda mvinje kwenye mashamba yao ili kupata nguzo na kuni bila kugusa mikoko. Akina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao inayopita juu ya maji katikati ya msitu, ambapo wageni na wanafunzi hulipa kiingilio na kuelezwa miti kwa majina yake.

Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miaka miwili baadaye, Vanga, Jimbo na Kiwegu, vijiji vilivyo karibu na mpaka wa Tanzania, vilianzisha mradi wao kwa mfano huohuo, katika msitu wa hekta 460 hivi.

Yapo ya kuhofia. Ardhi bado ni ya serikali. Bei ya hati hupangwa na wanunuzi walio mbali, na ikishuka, kijiji hakina la kufanya. Muda wa mradi, miaka 20, unaishia 2033. Wakati huohuo biashara ya hewa ukaa imekuwa kubwa, na kampuni zinazunguka vijijini na mikataba minene ambayo wenyeji hawajapata mtu wa kuwasomea. Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023 na kuagiza kwamba miradi ya ardhini iwape wenyeji walau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Kanuni za Plan Vivo, ambazo Gazi ilijiunga nazo miaka 10 kabla ya sheria hiyo, zinataka walau asilimia 60. Kijiji kitakachofuatwa na kampuni kesho kianze mazungumzo kwa asilimia hiyo ya Gazi, na kidai mkataba usomwe barazani kwa Kiswahili kabla ya mtu yeyote kutia saini.