Tarehe ya Manowari Zilizoitwa Glasgow

Huku kwetu Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, bahari tunaisoma vitabuni. Watoto wanajua kwamba vita vya Zanzibar vya 1896 havikufika hata saa moja. Meli iliyozama siku ile ni wachache wanaoijua.

Iliitwa Glasgow, jina la kurithi kwa Waingereza. Wao walianza kulitumia 1707, Uskoti ilipoungana na Uingereza na manowari ya Waskoti, Royal Mary, ikapewa jina hilo. Glasgow nyingine ilipigana Navarino 1827. Iliyoundwa 1861, ya mbao, yenye matanga na injini ya mvuke, ndiyo iliyofika Unguja 1873.

Mwaka mmoja kabla, kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeziangamiza meli za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Akaagiza meli ya kufanana na Glasgow ile aliyoiona, kwa kampuni ya William Denny huko Dumbarton, kwa zaidi ya pauni 30,000. Ilikamilika 1878, ikiwa na mizinga 7 na bunduki ya Gatling. Kwa miaka mingi ilikaa tu nangani mbele ya jumba la Sultani.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa 3 asubuhi, muda ambao Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, kuondoka jumbani ulikwisha. Manowari zao chini ya Admirali Harry Rawson zikaanza kupiga. Glasgow ikaifyatulia St George, manowari ya chuma iliyokuwa na mizinga mikubwa mara nyingi kuliko yake. Huo ulikuwa ushujaa, na naamini unastahili kuandikwa hivyo. Ikatobolewa, mabaharia wakapandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu amri, na mashua za Waingereza zikawaokoa. Meli ikakaa chini, milingoti ikichomoza juu ya maji hadi mabaki yalipoondolewa 1912. Nchi kavu, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Waingereza waliendelea na jina lao: Glasgow ya 1909 ilipigana Coronel na Falkland 1914, nyingine ilipigwa bomu Falkland 1982, likapenya bila kulipuka. Sasa wanaunda mpya. Katika orodha yao, ya Zanzibar haimo.

Walimu wa Ngaramtoni na kwingineko, mkifika somo la 1896, itajeni Glasgow yetu na mabaharia wake.