Deoband: tafsiri iliyokomaa nje ya darasa

Mwisho wa Mei 1866, chini ya mkomamanga uani mwa Msikiti wa Chatta, katika mji mdogo wa Deoband kaskazini mwa Delhi, mwalimu mmoja alikaa kumsomesha mwanafunzi mmoja. Wote wawili waliitwa Mahmud. Ndivyo ilivyoanza Darul Uloom Deoband, ambayo mwaka 2026 inatimiza miaka 160. Muhammad Qasim Nanautavi na wenzake walitaka chuo kiendeshwe kwa michango ya watu wa kawaida, si kwa fedha za serikali ya Kiingereza.

Cha ajabu, darasani tafsiri haikupewa nafasi kubwa. Mtaala ulijaa nahau, mantiki na fiqhi, na kilele chake kikawa hadithi. Tafsiri ilikuwa hasa Jalalaini, hiyo hiyo ya darsa zetu za Ramadhani, na kipande cha Baidhawi. Yote kwa Kiarabu. Mkulima wa jirani angepata nini humo?

Jibu lilikuwa limeshaanzwa Delhi. Shah Waliullah (1703–1762) aliitarjumu Kurani kwa Kiajemi, lugha ya wasomi na dola. Mwanawe, Shah Abdul Qadir, akaiteremsha kwenye Kiurdu mwaka 1790. Baada ya miaka mia na ushei, Kiurdu hicho nacho kilikuwa kimechakaa.

Aliyekikarabati ni yule Mahmud mwanafunzi. Mahmud Hasan, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu mkuu wa chuo hicho, alikamatwa Hijazi mwaka 1916 kwa njama dhidi ya Waingereza, akafungwa Malta. Huko ndiko alikokamilisha tarjuma yake. Hakujifanya mwanzilishi: alishika kazi ya Shah Abdul Qadir, akabadilisha yale maneno yasiyoeleweka tena. Kwangu mimi, unyenyekevu huo una elimu kuliko sherehe nyingi ndefu. Alifariki Novemba 1920, miezi michache tu baada ya kurudi nyumbani. Maelezo ya pembeni yakamaliziwa na mwanafunzi wake, Shabbir Ahmad Usmani.

Kisha ikaja redio. Muhammad Shafi, aliyewahi kuwa mufti wa Deoband kabla ya kuhamia Karachi, alifasiri Kurani kila wiki katika Redio Pakistan kuanzia 1954 hadi 1964. Wasikilizaji wakaomba maandishi, nayo yakazaa Ma'ariful Qur'an, juzuu 8. Katika chapa yake ya Kiurdu, tarjuma iliyowekwa chini ya aya ni ile ya mfungwa wa Malta.