Kidingapopo: Homa ya Masika au ya Ukame?

 

Katika matukio ya mwaka 1193 Hijria (1779 Miladia), mwanahistoria wa Misri, Sheikh Abdurrahman Al-Jabarti, ametaja homa iliyoenea Cairo ambayo watu waliiita Abur-rukab, yaani "mwenye magoti", kwa namna ilivyowashika viungoni. Nilipousoma ukurasa ule nikiwa mwanafunzi niliupita mbio, nikitafuta habari za watawala. Niliurejea miaka mingi baadaye, nilipotambua kuwa homa ile ina ndugu yake huku kwetu.

Mwaka 1870, mwaka aliofariki Sayyid Majid bin Said na kutawala ndugu yake Sayyid Barghash, Unguja ilikuwa imetoka katika kipindupindu kilichoua maelfu. Mara ikazuka homa nyingine. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akitibu watu mjini hapo, aliandika kuwa wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliitambua kwa sababu ilikwisha kupita kiasi cha mwaka 1823. Haikuua kama kipindupindu, bali iliwalaza watu nyumba kwa nyumba na kuwaachia maumivu ya viungo. Neno hilo ndilo lililobaki katika Kiswahili chetu kwa sura ya kidingapopo, kwa maana ya homa ya dengi.

Mwaka 1871 homa hiyo ilikuwa imefika Aden, kisha ikaingia Bara Hindi. Anayeijua bahari hii hatashangaa. Majahazi yalingoja kusi yapate kurudi kaskazini, na kila chombo kilipakia maji ya kunywa ya safari nzima. Mbu wa homa hii, anayeitwa Aedes aegypti, hana haja ya mto wala kinamasi. Anachokitaka ni maji yaliyotulia chomboni, karibu na watu. Basi upepo ule ule uliobeba tende, karafuu na wanafunzi wa elimu, ulibeba na maradhi.

Hapa ni lazima niseme jambo moja. Baadhi ya watafiti wa zama zetu, wakiangalia maumivu ya viungo yaliyodumu kwa muda mrefu, wanaona kuwa homa ya 1779 na ya 1870 huenda zilikuwa chikungunya, maradhi yaliyotambuliwa mwaka 1952 katika nchi ya Wamakonde, na jina lake ni la Kimakonde. Virusi ni mbalimbali, lakini mbu ni yule yule na maji yake ni yale yale.

Wako wanaochelea kusema kuwa hali ya hewa huleta maradhi, wasije wakafanana na wale waliodai kuwa mvua huletwa na nyota. Chelezo hilo lina mahali pake. Lakini Umar bin Al-Khattab (R.A.), wakati wa tauni ya Amwas mwaka wa 18 Hijria, alimwandikia Abu Ubayda (R.A.) awatoe Waislamu katika ardhi ya bondeni yenye unyevu awapeleke Jabiya, penye hewa njema. Hakuna aliyemtuhumu Umar katika tauhidi yake. Sababu ni sababu, na Mwenye kuziumba ni Mmoja.

Sasa, sababu yenyewe ni ipi? Wengi hujibu: masika. Na kweli, Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019 walipothibitishwa wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini Tanzania, dengi ilipamba moto katika miezi ya mvua. Mayai ya mbu huyu hugandama ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji yapande yaanguliwe. Joto nalo huharakisha: hewa ikiwa ya nyuzi 25 hadi 28, virusi hukomaa ndani ya mbu kwa siku 8 hadi 12 hivi. Baridi ikizidi, muda hurefuka, na pengine mbu hufa kabla hajaambukiza mtu.

Lakini Lamu mwaka 2004 mambo yalikuwa kinyume. Pwani ilikuwa katika ukame, na ndipo chikungunya ikalipuka, hata uchunguzi wa damu uliofuata ukaonyesha kuwa kiasi cha robo tatu ya watu wa mji walikwisha kuambukizwa. Mwaka uliofuata ilikuwa Komoro. Watafiti waliohusisha ukame na mlipuko ule walitazama mitungi na mapipa: maji yakiwa haba kila nyumba huyahifadhi, na nani atamwaga maji aoshe pipa wakati wa shida? Mbu akapata makazi katika nchi kavu.

Jambo hili linatugusa sisi wa misikiti kupitia mlango wa tohara. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (R.A.), kiumbe asiye na damu ya kuchuruzika, kama nzi na mbu, akifia majini hayanajisi maji, maadamu hayakubadilika. Kwa hiyo birika lililojaa viluwiluwi ni tohara, udhu wake unasihi, na mwanafunzi aliyehifadhi mas'ala haya halioni kosa lolote. Lakini suala la tohara si suala la madhara. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba, na katika riwaya ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim sababu iliyotajwa ni waba, maradhi yanayoenea. Tena mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua, saa ambazo watu wamejipanga birikani wamekunja mikono ya kanzu.

Watu wa Lamu wa zamani walitia visamaki katika mabirika yao vile viluwiluwi. Siku moja, katika kiangazi, kijana wa darsa aliniletea kopo la maji kutoka tangi la msikiti tunaosoma, lililopotea kifuniko tangu sikumbuki lini. Ndani vilikuwa vinachezacheza. Akaniuliza kama yanafaa kutawadhia. Nikamwambia yanafaa, kisha tukapanda wote na ngazi na brashi, na maji tuliyoyatoa tukayamwagia minazi.