Ngege Aliyerudi Bila Kichwa

Katika vyakula vya asili vya Ukambani, ambamo muthokoi, isyo, maziwa na nyama ya mbuzi vilishika nafasi za mbele, samaki alikuwa mgeni asiyealikwa mara nyingi. Na ijapokuwa mto Athi umepita katika nchi hiyo tangu dahari ukiwa na ngege wake wadogo, watu waliojishughulisha kuwaweka sufuriani walikuwa wachache. Leo mkaazi wa mji wa Machakos akifungua sanduku la barafu katika duka kubwa aweza kukuta minofu myeupe iliyofungwa katika plastiki, isiyo na kichwa, wala ngozi, wala mwiba, na juu yake pameandikwa kwamba imetoka China. Ni ngege huyo huyo, au kwa usahihi zaidi ni binamu yake, na njia aliyoipita hata akafika hapo yastahili kusimuliwa.

Majaribio ya kufuga ngege katika vidimbwi vya Kenya yalianza mwaka 1924, lakini elimu yenyewe ilipata makao mwaka 1948 ilipofunguliwa stesheni ya serikali ya ufugaji wa samaki huko Sagana, ambako wataalamu Van Someren na Whitehead, katika miaka ya hamsini na kuingia ya sitini, waliandika habari za yule ngege mweusi wa mito yetu. Waliona jambo ambalo limeitawala biashara hii mpaka leo: dume hukua upesi kuliko jike. Ngege huanza kuzaa angali mdogo, na wakiachwa pamoja madume na majike, kidimbwi hujaa watoto, chakula hakitoshi, na wote hudumaa wasizidi kiganja cha mkono. Basi mwenye kutaka samaki wa kukatwa minofu sharti awe na madume matupu.

Hapo ndipo Unguja inapoingia katika hadithi, nasi watu wa pwani aghalabu hatuikumbuki. Bwana Hickling, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Malacca, alichukua ngege aliyetoka Unguja akamzalisha na yule wa Msumbiji ambaye alikwisha kuenea kisiwa cha Java, na mwaka 1960 akatangaza kwamba uzao wa ndoa hiyo ulikuwa madume karibu wote. Miaka ishirini na minane baadaye, huko Ufilipino, ulianza mradi mkubwa zaidi wa kuboresha mbegu ya ngege wa Nile, aitwaye pia sato, kwa kukusanya wazazi kutoka Misri, Ghana, Senegali na Kenya, na wale wa Kenya walitoka Ziwa Turkana. Mbegu iliyopatikana ilifikishwa China mwaka 1994. Kwa muda mrefu wenye mbegu hiyo walikataa kuirudisha Afrika, kwa kuchelea isije ikaharibu nasaba za samaki wa asili, na kizuizi hicho hakikulegezwa mpaka mwaka 2007. Hivyo mnofu wa China unaouzwa Machakos huenda una damu ya Turkana ndani yake, na bado ukahesabiwa kuwa bidhaa ya kigeni.

Wakati Waasia wakiendelea hivyo, sisi tulikuwa na mambo yetu. Huko Ukambani bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, na watu ambao wazee wao hawakujua nyavu wakawa wavuvi. Kisha mwaka 2009 serikali, katika mpango wake wa kuamsha uchumi, iliazimia kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila kidimbwi mita 300 za mraba na vifaranga 1,000. Ulikuwa mpango wa ukarimu, ila ulioandikwa kana kwamba Machakos na Kakamega hunyeshewa na wingu moja. Penye udongo usioshika maji ilibidi kutandika karatasi nzito ya plastiki, nayo jua huichakaza. Penye ukame, maji ya kuwatosha ng'ombe na watu ndiyo hayo hayo yaliyotakiwa na samaki. Viwanda vidogo vya kutayarisha samaki vilijengwa Nyeri, Meru, Kakamega na Migori, Ukambani pasijengwe hata kimoja. Pasipo kiwanda wala barafu ya kutosha, ngege wa mkulima wa Machakos huuzwa mzima, mbichi au wa kukaangwa, na nafasi ya mnofu ikaachiwa wa mbali.

Mwaka 2018 malalamiko juu ya huyo wa mbali yalifika Ikulu, na mwezi wa Oktoba Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani kwamba zipatikane njia za kuwazuia samaki wa China. Uvumi ulikwisha kutangulia: kwamba samaki hao ni sumu, kwamba wamelishwa homoni. Juu ya homoni, haki na isemwe. Vifaranga wengi wa kufugwa, wa China na wa hapa kwetu pia, hupewa homoni ya kiume katika chakula kwa majuma matatu au manne ya kwanza ya maisha yao ili wote wawe madume. Kisha huishi miezi kadhaa wakila chakula cha kawaida, na homoni ile huwa imekwisha kutoka mwilini muda mrefu kabla ya kuvuliwa. Mwenye kuogopa mnofu wa China kwa sababu hiyo, sharti auogope na wa jirani yake.

Hofu iliyo na msingi ni nyingine. Samaki mzima ana mashahidi wake: macho yaliyotuna na kung'aa, mashavu mekundu, magamba yaliyoshikamana, nyama irudiayo mahali pake ikibonyezwa. Ukimkata mnofu umewaondoa mashahidi wote. Mnunuzi hana tena la kutegemea ila barafu ya mchuuzi na uaminifu wa ofisi asizoziona. Nchi za Ulaya zililijua hilo zilipofunga milango yao kwa minofu ya mbuta wa Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya tisini, mara kwa hofu ya vijidudu, na mwaka 1999 kwa sababu ya watu waliovua kwa kutia dawa za kuulia wadudu ziwani. Viwanda vilisafishwa, maabara zikafunguliwa, mnofu ukarudi Ulaya; sisi wenyewe tulibaki na mgongo wazi, yale mafupa yabakiayo baada ya mnofu kutolewa, ambayo hakuna ofisa wa Ulaya aliyeyapima. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 iliunda idara mpya ya kusimamia mambo haya, lakini sheria haipozi samaki aliyesafirishwa juani.

Amma siha, mnofu mbichi wa gramu 100 una protini ipatayo gramu 20, na mafuta yasiyofika gramu 2. Zebaki yake ni haba, kwa kuwa ngege hali samaki wenzake na huvuliwa angali kijana. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walimlinganisha ngege wa kufugwa na nyama ya nguruwe kwa aina ya mafuta yake, na magazeti yakashangilia. Wenzao wakajibu, na nadhani walijibu vyema, kwamba kitu chenye mafuta machache kiasi hicho hakina la kumdhuru mtu. Atafutaye mafuta ya omega-3 na ale omena, ambayo pia ni rahisi kwa bei.

Yabaki mapishi. Mnofu uliogandishwa uyeyushwe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza. Na ukitoa maji mengi usistaajabu, kwani viwanda vingine huuchovya katika chumvi za fosfati ili ushike maji, kisha huuvika tabaka la barafu, na yote hayo huingia katika mizani. Ladha ya matope, ambayo walaji wengi huitaja kuwa sababu ya kutompenda ngege wa kidimbwi, hutokana na geosmini, kitu kinachotengenezwa na vijidudu vya majini. Mfugaji hodari huwahamishia samaki katika maji safi siku chache bila chakula kabla ya kuwauza, na mpishi asiye na mfugaji hodari hutumia ndimu au ukwaju, kwa maana uchachu huivunja geosmini. Wapishi wa Mombasa na Lamu wametia ukwaju katika samaki tangu zamani pasipo kuulizana na maabara yoyote.

Kumpaka samaki mkaani hakufai kwa mnofu, kwa kuwa usipokuwa na ngozi huvunjikia juu ya wavu. Hufaa mchuzi wa nazi: kitunguu, nyanya, tangawizi na bizari vitangulie, tui zito likolee, ukwaju utiwe, ndipo mnofu uingizwe mwisho bila kukorogwa. Joto la ndani likifika nyuzi 63 za selsiasi umeiva, na asiye na kipimajoto na autazame tu katikati: ule ung'avu kama wa kioo ukishageuka weupe mzito, na nyama ikaachana kwa tabaka ikiguswa na ncha ya kijiko, na auepue papo hapo.