Mkono wa nyanya na almasi ndani ya seli

Wasee wa Kisumu, mnajua ile ya nyanya kukugusa paji la uso kwa mgongo wa mkono halafu anatoa hukumu: "Huyu ana malaria." Mimi mkono huo ulinikosa mara moja. Natetemeka, ngozi baridi, kumbe ndani nachemka.

Hiyo shida ni ya zamani. Daktari Carl Wunderlich wa Leipzig alitoa kitabu chake cha joto la mwili mwaka 1868, na ile 37 tunayokariri ilitoka kwake. Themomita yake ilikuwa ndefu karibu kama rula ya shule, inakaa kwapani hadi dakika 20. Imagine mtoto mgonjwa atulie hivyo! Mwingereza Clifford Allbutt akaifupisha ikawa inchi 6 hivi. Poa, lakini bado ni kwapa.

Mwaka 2013 watafiti wa Harvard wakaingiza chembe za almasi, ndogo ajabu, ndani ya seli hai ya binadamu. Ukizipiga leza ya kijani pamoja na mikrowevu, mwanga mwekundu zinaotoa unakuonyesha joto la hapo hapo. Tatizo ni nyama: inameza mwanga, kwa hivyo kupima ndani kabisa ya mwili bado ni kazi.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019. KEMRI wako hapo Kisian, matatu moja tu kutoka tauni. Hizo chembe nazo nataka kuziona huku kwetu, zituambie ubongo wa mtoto una joto gani wakati paji lake bado baridi.