Kauli ya Wakazi, si Ushirikishwaji

Hakuna taarifa ya mpango wa makazi inayoandikwa nchini siku hizi bila sura yenye kichwa "Ushirikishwaji wa Wananchi". Neno hilo limepita mikononi mwa wataalamu, wafasiri na wahariri, na kila mmoja amelipokea kama lilivyo. Mimi silipokei. Ni istilahi iliyoundwa vibaya, na ubaya wake unawaumiza watu.

Tuanze na shina. Shiriki lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wa sh-r-k wenye maana ya kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwingine. Kiswahili kimelizalisha vizuri: mshirika, shirika, ushirika, shirikisho, na hata ushirikina, ambao chanzo chake ni kumpa Mungu mshirika. Katika maneno yote hayo mtu ana fungu lake. Mwanachama wa ushirika ana hisa. Mshirika wa biashara ana mtaji wake ndani. Sasa tazama lilivyofanywa. Lilitiwa usababishi, likawa shirikisha. Likatiwa -w- ya kutendwa, likawa shirikishwa. Kisha likafungwa kwa u- na -aji. Katika kushiriki, mtenda ni mwananchi. Katika kushirikisha, mtenda ni ofisa mipango. Katika ushirikishwaji ofisa ametoweka na mwananchi amebaki mtendwa. Na hiyo -w- haikuwa na haja yoyote: twasema uandikishaji wa wapigakura na upimaji wa viwanja, na lugha haipungukiwi kitu.

Wapo wanaotetea ushiriki, na wana nguvu ya Katiba ya Tanzania, kwani Ibara ya 8 inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Neno hilo ni bora, lakini halitoshi. Aliyekaa nyuma ya mkutano akasaini karatasi ya mahudhurio ameshiriki. Aliyeuzuia mpango mbaya ameshiriki pia. Mwaka 1969 Sherry Arnstein wa Marekani alipanga jambo hili katika ngazi ya vipago vinane: chini kabisa wananchi wanachezewa hila, katikati wanaarifiwa na kuombwa ushauri, juu kabisa madaraka yako mikononi mwao. Neno lisilotenganisha kipago cha kwanza na cha nane halifai kuitwa istilahi.

Ninalopendekeza ni kauli ya wakazi. Kauli nayo ni ya Kiarabu, kwa maana ya usemi, ila Waswahili wameipa uzito kuliko usemi wa kawaida. Mwenye kauli nyumbani ndiye ambaye neno lake likitoka jambo limekwisha. Asiye na kauli anaweza kusema kutwa na asisikilizwe. Mkazi je? Ametoka katika kaa, na humo humo yametoka makazi na kikao. Lugha yenyewe inasema kwamba anayekaa ndiye mwenye makazi, na ndiye wa kuketi kikao kinachoyaamua.

Nasema wakazi, wala si wananchi, kwa sababu maalumu. Chukua mkoa wa Katavi: una makazi ya Katumba na Mishamo, ambako Warundi waliokimbia machafuko ya 1972 walilima na kujenga kwa miongo kadhaa kabla ya kupewa uraia. Muda wote huo hawakuwa wananchi, lakini wakazi walikuwa. Kakese nayo, kata ya mpunga katika Manispaa ya Mpanda, ina wazaliwa, ina waliohamia kutoka Usukuma, na ina wapangaji. Mpango wa makazi wenye haki unawahusu wote.

Katika kata kama hiyo ndipo istilahi mbovu inapoficha hasara. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hiyo ni kauli kamili. Kijiji kikigeuzwa mitaa ya mji, kinaingia chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007: wadau wanakutanishwa, rasimu inawekwa hadharani, maoni yanapokelewa. Mkulima aliyekuwa akiidhinisha sasa anatoa maoni tu, huku jaruba lake likichorwa viwanja ambavyo huenda asimudu kununua hata kimoja. Taarifa ya zamani iliandika ushirikishwaji, na ya sasa inaandika ushirikishwaji. Msomaji atajuaje kwamba kuna kilichopotea?

Hoja hizi niliziwasilisha kwa maandishi mbele ya kamati moja ya istilahi. Nilijibiwa kwamba neno lililopo limeshazoeleka. Mazoea si hoja, na inasikitisha kwamba wajumbe waliokabidhiwa dhamana ya lugha hawakugusa hata kipengele kimoja cha sarufi nilichowawekea mezani. Mwanafani mwingine, ambaye heshima inanizuia kumtaja, amependekeza uhusishwaji. Neno hilo lina kasoro zilezile za mwenzake, na limekosa hata lile fungu lililomo katika shiriki.

Matumizi ni mepesi: katika muhtasari wa mkutano iandikwe "kauli ya wakazi: wamekubali", "wamekataa", au "wametaka kirekebishwe kitu fulani", na sura ya taarifa iitwe "Kauli ya Wakazi na Ilivyotekelezwa". Chini ya kichwa hicho ofisa hawezi kubandika orodha ya mahudhurio akaondoka. Atalazimika kuandika wakazi walisema nini, na ni wapi katika ramani mpango ulibadilika kwa sababu walisema.