Dory kwenye tangi la sebuleni?

Hivi, Dory anaweza kuishi kwenye tangi la lita 100 pale sebuleni? Tuanzie London. Mwaka 1846 Anna Thynne alibeba matumbawe hai kutoka Torquay, kusini mwa Uingereza, akayafuga nyumbani kwake. Pampu hakuna, kwa hiyo mtumishi wake alikuwa akimimina maji huku na huku ili yapate hewa. Matumbawe yakaishi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na watu wengi wakataka matangi yao.

Lakini ona: lile la Thynne lilikuwa la viumbe wanaokaa papo hapo. Dory, aliyepata umaarufu kwa filamu ya mwaka 2003, ni wa jamii ya kangaja, na yupo hata kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki. Dukani anauzwa mdogo kama kidole, ila akikomaa hufikia sentimita 30, na mchana kutwa anaogelea. Kwenye tangi la mita moja, akipiga mkia mara chache tu, kashafika kwenye kioo.

Pampu ilimpumzisha yule mtumishi. Nafasi haina pampu. Kama tangi lako ni dogo, mchukue Nemo; yeye haendi mbali na kwake.